Walter Mittelholzer

Walter Mittelholzer (St. Gallen, Uswisi, 2 Aprili 1894 – Steiermark, Austria, 9 Mei 1937) alikuwa rubani, mpiga picha, mwandishi na mfanyabiashara wa usafiri wa anga kutoka Uswisi. Anakumbukwa hasa kwa safari yake ya ndege kutoka Zürich hadi Cape Town miaka 1926–1927, iliyopita juu ya maziwa makubwa ya Afrika Mashariki, na kwa kuruka juu ya Kilimanjaro mnamo Januari 1930 akiwa rubani wa safari ya binafsi ya tajiri mmoja wa Vienna. Kwa kawaida huhesabiwa kuwa rubani wa kwanza kuruka juu ya mlima huo.

Picha alizopiga kutoka angani zilitengenezwa ili ziuzwe, zichapishwe vitabuni na kuwavutia watu wapande ndege. Baadaye zilipata kazi nyingine ambayo yeye mwenyewe hakuikusudia: zinaonyesha barafu ya Kilimanjaro kabla sehemu yake kubwa haijayeyuka.

Maisha ya awali

Mittelholzer alizaliwa katika familia ya mwokaji mikate mjini St. Gallen. Hakufuata kazi ya baba yake bali alijifunza upigaji picha, na wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza aliingia kikosi cha anga cha jeshi la Uswisi. Uswisi haikupigana katika vita hivyo, kwa hiyo wapiga picha wake wa angani walijifunza kazi yao juu ya milima na mabonde ya nchi yao wenyewe. Mwaka 1918 alikuwa tayari rubani wa kijeshi.

Mwezi Novemba 1919 alianzisha pamoja na rubani Alfred Comte kampuni ndogo ya picha za angani na ya kubeba abiria. Mwaka uliofuata kampuni hiyo iliunganishwa na nyingine na kuwa Ad Astra Aero, naye akawa mkurugenzi na rubani wake mkuu. Kipato cha kampuni za namna hiyo kilikuwa kidogo. Zilitegemea watu waliolipa ili kuzungushwa juu ya ziwa na vilele vya Alpi kisha kurudishwa nyumbani, pamoja na miji na viwanda vilivyotaka kujiona kwenye picha. Biashara ya kulipia mandhari, ambayo leo inajulikana pia huko Arusha na Nairobi, ndiyo iliyomlea Mittelholzer.

Mwaka 1923 alishiriki msafara wa kwenda visiwa vya Spitsbergen kaskazini mwa Norwei, uliokusudiwa kumsaidia mpelelezi Roald Amundsen. Ndege ya Amundsen haikuruka, lakini Mittelholzer alirudi na picha za barafu ya kaskazini. Majira ya baridi ya 1924–1925 alisafiri kwa ndege hadi Uajemi, alikopiga picha za volkeno ya Damavand. Baada ya kila safari alitoa kitabu chenye picha nyingi, na vitabu hivyo viliuzwa vizuri.

Anga la Tanganyika kabla ya mwaka 1926

Mittelholzer hakuwa wa kwanza kuruka katika anga la Tanganyika. Mwaka 1915 Waingereza walitumia ndege kuitafuta manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji. Mwaka 1916 Wabelgiji waliishambulia Kigoma kwa ndege zilizorukia majini kwenye Ziwa Tanganyika. Mnamo Februari 1920 ndege ya aina ya Vickers Vimy iliyojaribu kwenda kutoka Uingereza hadi Cape Town iliangukia Tabora, na safari yake ikaishia hapo.

Jaribio la ajabu kuliko yote lilielekezwa kusini, kwenye uwanda wa juu wa Makonde. Mnamo Novemba 1917 jeshi la Kijerumani la Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa limebanwa katika eneo la Masasi na Newala, likiwa na upungufu wa dawa na risasi. Tarehe 21 Novemba chombo cha anga L 59, puto kubwa la aina ya Zepelini lililoongozwa na Ludwig Bockholt, kiliondoka Jamboli nchini Bulgaria kikiwa na shehena ya takriban tani 15. Kisingerudi tena, kwani hata kitambaa cha puto lenyewe kilipangwa kutumiwa na askari kwa nguo na mahema. Usiku wa kuamkia tarehe 23, kikiwa katika anga la Sudan, kiliamriwa kugeuka, maana Waingereza walikuwa wakiuteka uwanda huo. Kilirejea Jamboli tarehe 25 baada ya kukaa angani saa 95 na kwenda zaidi ya kilomita 6,700. Siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck alivuka Mto Ruvuma na kuingia Msumbiji. Watu wa Newala, ambao kutoka ukingo wa uwanda wao huliona bonde lote la Ruvuma, hawakukiona chombo hicho kamwe.

Safari hiyo iliyoshindikana ilithibitisha kwamba umbali wenyewe ungeweza kufikiwa. Lililobaki lilikuwa kupata mahali pa kutua na mafuta ya kuendelea na safari.

Safari ya maziwa, 1926–1927

Jibu la Mittelholzer lilikuwa kutumia maji kama viwanja. Tanganyika wakati huo ilikuwa na viwanja vichache vya ndege, na kila kimoja kilihitaji watu wa kufyeka miti na kusawazisha vichuguu. Ziwa halihitaji kufyekwa. Alichagua ndege ya Dornier Merkur yenye injini moja, akaifunga maboya ya kuelea badala ya magurudumu na kuiita Switzerland.

Waliondoka Zürich tarehe 7 Desemba 1926 wakiwa watu wanne: Mittelholzer, mwanajiolojia Arnold Heim, mwandishi René Gouzy na fundi Hans Hartmann. Walivuka Bahari ya Kati hadi Misri, wakaufuata Mto Naili kupitia Khartoum, kisha wakaingia eneo la maziwa: Viktoria, Tanganyika na Nyasa. Kutoka Nyasa walielekea Beira, wakashuka na pwani ya Bahari ya Hindi na kufika Cape Town tarehe 21 Februari 1927. Uwanda wa Makonde ulibaki mbali upande wa mashariki wa njia yao.

Safari ilichukua siku 77, lakini saa za kuwa angani zilikuwa takriban 100 tu, yaani chini ya siku tano. Siku nyingine zote zilikwenda kwa matengenezo, kungoja hali ya hewa, kutembea na kupiga picha. Wasifu mwingi wa marubani husimulia saa zile 100 na kuzisahau siku 70 na ushee. Hata hivyo ni katika siku hizo ambapo Heim alichunguza miamba na Gouzy akakusanya habari za kuandika.

Kurukia ziwani kuna ugumu wake. Ziwa Viktoria liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapo ni nyepesi kuliko ya pwani, na jua la mchana huifanya nyepesi zaidi, kwa hiyo mabawa huinua uzito mdogo na injini hupungukiwa nguvu. Maji yakitulia kabisa kama kioo huyashikilia maboya, na ndege hukimbia mbali bila kunyanyuka. Mawimbi madogo husaidia kuibandua. Mawimbi makubwa nayo huweza kuvunja maboya, na dhoruba za Ziwa Viktoria huja ghafla, kama wavuvi wa kando yake wanavyojua. Ziwa Nyasa liko chini zaidi, chini ya mita 500, lakini limezungukwa na milima inayoelekeza upepo mkali juu ya maji.

Huu ulikuwa mmojawapo wa misafara ya kwanza ya ndege kuivuka Afrika kutoka kaskazini hadi kusini, na wa kwanza kufanya hivyo kwa ndege ya majini kupitia maziwa hayo. Mwingereza Alan Cobham alikuwa ametangulia kufika Cape Town mapema mwaka 1926, akitua kwenye nchi kavu. Kutokana na safari ya Mittelholzer zilitoka kitabu na filamu, na jina lake likajulikana kote Ulaya.

Kilimanjaro, 1929–1930

Safari ya pili ilikuwa ya namna nyingine. Mlipaji alikuwa Baron Louis von Rothschild wa Vienna, mkuu wa mojawapo ya familia tajiri kabisa za benki barani Ulaya, ambaye alitaka kwenda kuwinda Serengeti. Badala ya kupanda meli hadi Mombasa, alikodi ndege pamoja na rubani wake. Ilikuwa Fokker ya injini tatu, ambayo kwa kawaida ilitumiwa kubeba abiria kati ya miji ya Ulaya. Waliondoka katikati ya Desemba 1929, na safari ilimalizika mwishoni mwa Februari 1930.

Wakati huo safari za binafsi za anga zilikuwa zimeanza kuwa biashara Afrika Mashariki. Kampuni ya Wilson Airways ilianzishwa Nairobi mwaka 1929, na mwindaji Denys Finch Hatton alinunua ndege ndogo ya kutafutia tembo kutoka angani. Aliangukia Voi mwezi Mei 1931 akafa. Shirika la Imperial Airways lilifikisha huduma yake ya kawaida Mwanza mwaka 1931.

Katika Januari 1930 Mittelholzer aliipandisha Fokker juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895. Kwa ndege ya abiria ya wakati huo lilikuwa jambo la hatari. Katika kimo cha karibu mita 6,000 uzito wa hewa ni kama nusu tu ya ule wa usawa wa bahari; injini zisizo na msaada wa kusukumiwa hewa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, na watu waliomo hupungukiwa pumzi na kuganda kwa baridi. Upepo unaovuka mlima hushuka kwa nguvu upande wa pili, na ndege inayokaribia ukomo wa uwezo wake haina nguvu ya kujinasua. Mpiga picha naye huhitaji kukaribia.

Picha alizoleta zinaonyesha kasoko ya Kibo kutoka juu pamoja na shimo la majivu katikati yake na kuta za barafu zilizolizunguka. Wapandaji wachache walikuwa wamefika pale tangu Hans Meyer na Ludwig Purtscheller mwaka 1889, lakini aliyesimama ukingoni aliona upande mmoja tu. Mwaka 1930 ndipo mlima ulipoonekana mzima.

Kwa vipimo vya wanasayansi, barafuto za Kilimanjaro zilikuwa na eneo la takriban kilomita za mraba 12 mwaka 1912. Mwaka 2011 zilibaki chini ya 2. Kati ya miaka hiyo picha za angani si nyingi, na za Mittelholzer ni kati ya zile za mwanzo. Ni vigumu kuzitazama bila kuzilinganisha na hali ya leo.

Rothschild hakubaki na utajiri huo muda mrefu. Benki yake, Creditanstalt, ilianguka mwezi Mei 1931. Mwaka 1938 Wanazi walimkamata na kumfunga mwaka mzima hadi alipoachilia mali zake. Alifariki mwaka 1955.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1931 Ad Astra Aero iliunganishwa na Balair kuwa shirika la Swissair, na Mittelholzer akawa mkurugenzi wake wa kiufundi. Katika majira ya baridi ya 1930–1931 alikuwa amesafiri hadi Ziwa Chad, na mwaka 1934 alimpelekea Kaisari Haile Selassie wa Ethiopia ndege ya Fokker. Safari zote mbili zilizaa vitabu.

Tarehe 9 Mei 1937 alifariki kwa ajali alipokuwa akipanda mlima kwa miguu huko Steiermark, Austria. Alikuwa na umri wa miaka 43.

Tathmini

Nchini Uswisi aliheshimiwa kama shujaa, na vitabu vyake vilisomwa na vijana wengi. Siku hizi kazi yake inasomwa kwa uangalifu zaidi. Alisafiri katika makoloni kwa ruhusa na msaada wa serikali za kikoloni, na aliwaeleza Waafrika kwa macho ya Mzungu wa wakati wake. Katika picha zake milima na maziwa yana majina, lakini watu wanaoonekana humo kwa kawaida hawana. Wapagazi, wapishi na wavuvi waliosaidia safari hizo hawajulikani tena. Hilo ni pengo kubwa katika kumbukumbu ambazo vinginevyo ni za kina.

Maelfu ya picha zake yamehifadhiwa katika maktaba ya chuo kikuu cha ETH Zürich, na nyingi zinapatikana bure mtandaoni. Maelezo yaliyoandikwa chini yake ni ya Kijerumani, pengine yakiwa na majina ya mahali yaliyokosewa au yasiyotajwa kabisa. Maktaba hiyo inawakaribisha watu wa kujitolea kurekebisha maelezo ya picha zake, na kwa picha za mwambao wa Viktoria, Tanganyika na Nyasa, wanaoweza kutambua ghuba, kilima au kijiji fulani ni hasa wale waliokulia huko.