William Little: Daktari Aliyeanza na Mguu Wake Mwenyewe

Naandika kutoka Molenbeek, ng'ambo ya mfereji. Mimi ni mtu wa injinia, kwa hiyo wale wa udaktari mnisamehe nikiteleza. Kila Alhamisi, siku ya soko pale Place Communale, jirani yangu humpitisha mwanawe kwenye kiti cha magurudumu katikati ya meza za mboga, na wauzaji humsalimu mtoto kwanza. Kwetu Tanga nina mpwa wa miaka minne mwenye hali hiyohiyo, mtindio wa ubongo. Yeye wageni wakija hufungiwa chumbani. Kwa kweli niliona haya. Nikaenda maktaba, na huko nikakutana na William John Little.

Little alizaliwa London mwaka 1810, baba yake akiwa na nyumba ya wageni. Akiwa bado mdogo alipata polio, mguu ukapinda, na shuleni wenzake wakamcheka. Akasomea udaktari, lakini wakubwa wa kazi walimkataza asijaribu upasuaji. Mwaka 1836 akafunga safari mpaka Hannover, Ujerumani, kwa daktari Stromeyer, aliyekuwa akikata kano ya kisigino kupitia tundu dogo tu la ngozi, ili kidonda kisioze. Kiinjinia ni rahisi: kebo iliyokaza mno ililegezwa, unyayo ukakaa chini. Little akarudi kwao akitembea vizuri, akaanza kuwafanyia wengine, na mwaka 1838 akaanzisha hospitali ya viungo.

Huko ndiko alikoletewa watoto wenye misuli iliyokakamaa. Mwaka 1861, mbele ya chama cha madaktari wa uzazi London, alieleza kwamba ubongo wao ulidhurika wakati wa kuzaliwa: uzazi mgumu, kuzaliwa kabla ya wakati, au kuchelewa kupumua. Akaongeza kuwa wapo kati yao wenye akili timamu kabisa. Kwa miaka mingi hali hiyo ikaitwa ugonjwa wa Little.

Hakupatia yote. Mwaka 1897 Sigmund Freud, ndiyo, yule yule wa saikolojia, aliandika kuwa pengine tatizo huanza tumboni na uzazi mgumu ni dalili tu. Leo tunajua vyanzo ni vingi, pamoja na manjano kali ya kichanga, homa ya uti wa mgongo na malaria iliyopanda kichwani. Jamani, hakuna jini hapo wala laana ya ukoo.

Ubongo ulioumia hauponi, ila jeraha lenyewe halizidi kuenea. Cha kuokoa ni misuli na viungo: mazoezi mapema, kukalishwa vizuri, vifaa vya kushikilia miguu, dawa za kulegeza misuli, na wengine upasuaji wa kano, uleule wa Little. Yeye alifariki mwaka 1894, miaka 58 baada ya mguu wake kunyooshwa.

Wiki iliyopita nilimpigia dada yangu simu. Tuliongea mpaka vocha ikaisha. Amekubali kumpeleka mtoto kliniki ya mazoezi; kumkalisha barazani bado anaogopa maneno ya watu. Jumapili nitampigia tena. Nawe, kama kwenu kuna mtoto aliyefichwa, hebu usingoje likizo. Piga simu leo.