Mhandisi Aliyeshindwa Mtihani

Mvuvi anayeuliza bei ya samaki ng'ambo kwa simu ya mkononi, na karani wa serikali anayeandaa mishahara kwa kompyuta, wote wawili wananufaika na kazi ya mtu ambaye wachache mno visiwani humu wanalijua jina lake. Mtu huyo ni Jack Kilby, mhandisi wa Marekani, aliyefariki dunia tarehe 20 Juni, 2005. Tumeona yafaa leo tuyakumbuke maisha yake, kwani yana mafunzo kwa wananchi na kwa viongozi vile vile.

Kilby alizaliwa mwaka 1923 katika jimbo la Missouri, akakulia Great Bend, mji mdogo wa Kansas. Baba yake aliendesha kampuni ndogo ya umeme. Wakati mmoja wa baridi kali, barafu iliangusha nyaya za simu na za umeme, wateja wakatengwa kama watu wa kisiwa kisichofikiwa na chombo. Mzee huyo alipata habari zao kwa msaada wa raia waliokuwa na mitambo yao ya redio. Kijana aliyaona hayo, na tangu hapo akaupenda ufundi wa umeme.

Hata hivyo, mlango wa kwanza alioubisha haukufunguliwa. Katika mtihani wa kuingia chuo mashuhuri cha MIT, alipungukiwa alama 3 tu. Hakukata tamaa. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Illinois, akakatizwa na Vita Kuu ya Pili, akatumikia jeshi huko India akitengeneza redio, kisha akarudi na kuhitimu mwaka 1947. Baadaye alifanya kazi mjini Milwaukee huku akisoma, akapata shahada ya pili mwaka 1950.

Katika zama hizo wahandisi walikabiliwa na tatizo zito. Kompyuta ilihitaji maelfu ya transista na sehemu nyingine ndogo ndogo, na kila moja iliunganishwa kwa mkono. Kadiri mashine ilivyokuwa kubwa, ndivyo maungio yalivyoongezeka, na ungio moja bovu lilitosha kuiharibu kazi yote.

Mwaka 1958 Kilby aliajiriwa na kampuni ya Texas Instruments, mjini Dallas. Mwezi wa Julai wafanyakazi wengi walikwenda likizo, lakini yeye, kwa kuwa mgeni kazini, hakuwa na haki ya kupumzika. Katika ukimya wa karakana, akawaza kwamba sehemu zote zaweza kutengenezwa pamoja katika kipande kimoja cha madini. Mkuu wake, Willis Adcock, alikuwa na shaka, lakini hakumzuia kujaribu. Tarehe 12 Septemba, 1958, mbele ya wakuu wa kampuni, kipande chembamba cha gerimaniamu kilifanya kazi kama alivyotarajia. Hiyo ndiyo saketi unganishi ya kwanza, asili ya chembe zinazoendesha mashine za leo.

Haki yataka tuseme kwamba hakuwa peke yake. Mwaka 1959 Robert Noyce, wa California, alibuni kwa silikoni njia bora zaidi ya kuziunganisha sehemu hizo. Kampuni zao zilishtakiana kwa miaka mingi, lakini Kilby mwenyewe hakuacha kumpa mwenzake heshima yake. Alipotunukiwa Nishani ya Nobeli ya fizikia mwaka 2000, Noyce alikuwa amekwisha kufariki miaka 10 nyuma, naye hakusahau kumtaja.

Kwa kijana aliyeanguka mtihani, maisha haya yanasema kwamba alama za siku moja hazipimi akili ya mtu maisha yake yote. Kwa maofisa wetu yanasema jambo zito zaidi. Kilby hakupewa fedha nyingi wala cheo. Alipewa meza, vifaa, na mkuu aliyekubali ajaribu ijapokuwa alimtilia shaka. Hatuna budi kujiuliza: ni vijana wangapi wa visiwa hivi wenye fikra njema, ambao wamekosa hata ruhusa hiyo ya kujaribu? Ruhusa haina gharama kubwa. Kuinyima ndiko kwenye hasara.