Johann Sebastian Bach, Mtu Aliyejua Kusikiliza

Wengi wetu twapenda nyimbo, lakini ni wachache wajuao kusikiliza. Twaketi ibadani, kinanda chalia, na mioyo yetu yaenda shambani au sokoni. Kwa hiyo twaona vema kuwasimulia habari za Johann Sebastian Bach, ambaye nyimbo zake zaimbwa hata leo katika makanisa mengi.

Bach alizaliwa mwaka 1685 huko Eisenach, katika Ujerumani, mji ule ule aliosomea Martin Luther alipokuwa kijana. Baba yake alikuwa mpiga muziki wa mji. Mtoto alipokuwa hajatimiza miaka kumi, mama yake alikufa, na baada ya miezi michache baba yake naye akafa. Akalelewa na ndugu yake mkubwa aliyekuwa mpiga kinanda mjini Ohrdruf. Yasimuliwa kwamba ndugu huyo alikuwa na kitabu cha muziki alichokifungia kabatini, naye Bach alikuwa akikitoa usiku kwa siri, akakinakili kwa mwanga wa mbalamwezi muda wa miezi sita. Ndugu yake alipojua, akamnyang'anya nakala yake yote.

Mwaka 1703 akawa mpiga kinanda wa kanisa mjini Arnstadt. Hata mwaka 1705 akaomba ruhusa ya majuma manne, akaenda kwa miguu mwendo wa kilometa 400 hivi mpaka Lübeck, ili amsikilize mzee Buxtehude, fundi mkuu wa kinanda. Majuma yale manne yakawa karibu miezi minne. Aliporudi, wakubwa wa kanisa wakamkemea kwa kukawia kwake, tena kwa kuwa alichanganya sauti ngeni katika tenzi hata watu wakatatizika. Hatusemi kwamba alitenda vema kuvunja ahadi yake. Lakini twaona jinsi alivyotamani kusikia.

Mwaka 1720, akiwa katika kazi ya mtawala wa Köthen, alisafiri pamoja na bwana wake. Aliporudi nyumbani akakuta mkewe, Maria Barbara, amekwisha kufa na kuzikwa. Mwaka uliofuata akamwoa Anna Magdalena, mwimbaji, ambaye alimsaidia sana kunakili muziki. Watoto wake wote walikuwa 20, nao waliofikia utu uzima ni kumi tu. Tukumbuke jambo hili tusikiapo nyimbo zake za kifo na tumaini, maana aliyezitunga aliyajua makaburi.

Tangu mwaka 1723 alikuwa Leipzig, akifundisha wavulana na kuongoza uimbaji wa makanisa. Miaka ya kwanza alitunga karibu kila juma wimbo mpya wa ibada, nasi tungali na nyimbo kama 200 za namna hiyo. Mwishoni mwa kazi zake nyingi aliandika herufi tatu, maana yake utukufu ni wa Mungu peke yake. Katika Biblia yake, penye 2 Mambo ya Nyakati 5, aliandika pembeni kwamba muziki ukifanywa kwa uchaji, Mungu yupo hapo na neema yake.

Mwishowe macho yake yaliharibika. Mganga akayapasua mara mbili, lakini hakupona, akafa tarehe 28 Julai 1750. Watu wengi wakasahau kazi zake, hata mwaka 1829 kijana Felix Mendelssohn alipoimbisha Mateso ya Bwana kwa Mathayo mjini Berlin.

Siku hizi hatuna haja ya kwenda kilometa 400, maana redio hutuletea muziki hata jikoni. Lakini sauti isiyokoma masikio huizoea, yasiisikie tena. Basi twawashauri ninyi walimu, kabla ya kufundisha wimbo mpya, waambieni waimbaji wanyamaze, wausikilize mara mbili tangu mwanzo hata mwisho, ndipo waimbe. Nasi wengine tuchague wimbo mmoja kila juma, tuuketie pasipo kazi nyingine mikononi.