Padri Gregor Mendel, Mtawa Aliyehesabu Njegere

Mwaka 1822, katika kijiji cha Heinzendorf, ambacho zamani kilikuwa chini ya Kaisari wa Austria na leo kimo katika nchi ya Ucheki, mkulima maskini jina lake Anton Mendel alipata mtoto wa kiume, akamwita Johann. Mzee huyo hakuwa na uhuru kamili: siku tatu za kila juma alimfanyia kazi bwana wa nchi, na shamba lake alililima siku zilizosalia. Lakini aliipenda miti ya matunda, akamfundisha mwanawe kuitunza.

Johann alikuwa na akili nyingi na fedha kidogo. Mwaka 1838 baba yake aliangukiwa na gogo, akaumia kifua, asiweze tena kazi nzito. Kijana akaendelea kusoma kwa njaa, hata mara kadhaa akaugua. Ndipo Theresia, dada yake mdogo, alipomwokoa. Kwa desturi ya kwao msichana ndiye anayepewa mali ya kwenda nayo kwa mumewe. Naye Theresia alitoa sehemu ya mali yake ili kaka yake asome. Mendel hakusahau. Miaka mingi baadaye yeye naye aliwasaidia wana watatu wa Theresia kupata elimu.

Mwaka 1843 aliingia monasteri ya Mtakatifu Thoma katika mji wa Brno, kwa watawa wa Mtakatifu Augustino, akapewa jina la Gregor. Mwaka 1847 akapokea daraja takatifu ya upadri. Alipotumwa kuwaangalia wagonjwa, huzuni ya mateso yao ilimshinda hata akalala kitandani yeye mwenyewe. Abati wake, Cyril Napp, akaona afadhali afundishe shule. Huko nako palikuwa na mwiba: mwaka 1850 na tena mwaka 1856 alikwenda Vienna kufanya mtihani wa ualimu, na mara zote mbili hakufaulu. Basi akabaki mwalimu msaidizi muda wote alipofundisha.

Mwaka huohuo wa 1856 alianza kazi yake kubwa katika bustani ya monasteri. Kila mtu alijua kwamba mtoto hufanana na wazazi wake. Kanuni ya jambo hilo hakuna aliyeijua. Mendel alichagua njegere, jamaa ya maharagwe. Alifungua ua changa, akaondoa sehemu za kiume kabla hazijakomaa, akapaka unga wa ua la mmea mwingine, kisha akalifunika kwa kifuko. Alipochanganya njegere zenye mbegu za mviringo na zile zenye mbegu za mikunjo, watoto wote walitoka mviringo. Alipowapanda watoto hao, mikunjo ilirudi kwa wajukuu: mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 za mikunjo, yaani karibu tatu kwa moja. Wengine kabla yake walitazama tu; yeye alihesabu. Kwa miaka minane alichunguza mimea karibu 28,000. Akafahamu kwamba kwa kila sifa mmea hupokea kitu kimoja kwa baba na kimoja kwa mama, navyo havipotei kama maziwa katika maji, bali hutengana tena wakati wa kuzaa.

Mwaka 1865 aliwasomea habari hizo wataalamu wa Brno, na mwaka 1866 zikachapishwa. Karibu hakuna aliyezijali. Aliandika kwa Profesa Carl Nägeli wa München, bingwa wa ua la manjano liitwalo Hieracium, naye akamtia moyo alijaribu ua hilo. Vijiua vyake ni vidogo mno. Mendel aliyakaza macho yake hata yakaugua. Tena jawabu lilikuwa kinyume cha njegere: machotara walitofautiana tangu kizazi cha kwanza, kisha watoto wao wakafanana na mama bila badiliko. Angeweza kulificha jambo hilo lililopinga kazi yake. Hakulificha, alilisoma mbele ya wataalamu walewale mwaka 1869. Kwa maoni yetu tendo hilo halipungui sifa kuliko njegere zote.

Tangu mwaka 1868 alikuwa abati, akaingia katika ugomvi mrefu na serikali juu ya kodi ya monasteri. Alifariki tarehe 6 Januari 1884. Mwaka 1900 wataalamu watatu, kila mmoja mahali pake, walizigundua upya kanuni zake.

Na lile ua? Ndani ya kila chembe ya mmea mna nyuzi ndogo mno ziitwazo kromosomu. Mmea unapojitayarisha kuzaa, nyuzi hizo hupangana mbili mbili, hubadilishana vipande, kisha hutengana. Ndiyo sababu ndugu wa tumbo moja hawalingani. Hieracium nyingi huruka hatua hiyo: mama hufanya mbegu bila baba.

Majani mengi ya malisho ya Afrika, jamii ya Brachiaria, yana desturi hiyohiyo, hata ikawa shida kubwa kupata machotara yao. Lakini jamaa mmoja huzaa kwa baba na mama: Brachiaria ruziziensis, aliyepewa jina la bonde letu la Ruzizi. Yeye ana kromosomu 18, na wenzake wengi 36, kwa hiyo nyuzi zao haziwezi kupangana sawasawa. Huko Ubelgiji wataalamu walizidisha nyuzi zake kwa dawa hata zikafika 36. Kisha huko Kolombia, mwaka 1988, mmea huo uliwekwa kuwa mama, ukapakwa unga wa Brachiaria brizantha. Humo ulitoka mmea chotara uitwao Mulato. Nao umerithi desturi iliyomsumbua Mendel: hutoa mbegu bila baba, hivyo mfugaji akizipanda huota majani yaleyale, msimu hata msimu.