Edward Long

Edward Long (23 Agosti 1734 – 13 Machi 1813) alikuwa mwanasheria, hakimu na mmiliki wa watumwa katika kisiwa cha Jamaika, wakati huo koloni la Uingereza kwenye Bahari ya Karibi. Anajulikana hasa kwa kitabu chake cha historia ya kisiwa hicho na kwa mawazo ya ubaguzi wa rangi aliyoyaeneza ndani yake.

Maisha

Alizaliwa Cornwall, Uingereza. Baba wa babu yake, Samuel Long, alifika Jamaika mwaka 1655 pamoja na jeshi lililowanyang'anya Wahispania kisiwa hicho, na familia ikatajirika kwa ardhi. Edward alisoma sheria Gray's Inn, London. Baba yake alipofariki mwaka 1757 alihamia Jamaika, akawa katibu wa Henry Moore, kaimu gavana aliyekuwa mume wa dada yake, halafu hakimu wa mahakama ya mambo ya bahari. Mwaka 1758 alimwoa Mary Ballard Beckford, wa ukoo tajiri sana kisiwani. Mwaka 1769 alirudi Uingereza kwa sababu ya afya, asionekane tena Jamaika.

Shamba la Lucky Valley

Shamba lake la miwa lilikuwa Clarendon. Jina lake lina maana ya bonde la bahati, ingawa bahati hiyo haikuwa ya Waafrika wapatao 300 waliolazimishwa kufanya kazi humo. Miwa iliyokatwa huharibika upesi, hivyo wakati wa mavuno kinu na majiko ya kuchemshia maji ya miwa viliendeshwa usiku na mchana. Sukari na pombe ya ramu vilisafirishwa Uingereza. Baada ya 1769 shamba lilisimamiwa na mawakala, naye akaishi kwa mapato yake ng'ambo.

Maandiko

Mwaka 1772 mahakama ya London iliamua kwamba James Somerset, mtumwa aliyetoroka, asirudishwe koloni kwa nguvu. Long alijibu kwa kijitabu cha kutetea haki za wenye mashamba. Miaka miwili baadaye alitoa historia ya Jamaika katika majuzuu matatu, bila jina lake. Humo alidai kwamba Waafrika si wa jinsi moja ya binadamu na Wazungu, dai la uongo ambalo watetezi wa utumwa walilitumia kwa miaka mingi. Alichapisha hata shairi la Kilatini la Francis Williams, msomi Mwafrika huru wa Jamaika, ili alikejeli. Lakini kwa kufanya hivyo alihifadhi ushahidi unaopinga hoja yake mwenyewe. Habari zake kuhusu uasi wa Tacky wa mwaka 1760 bado hutumiwa na wanahistoria, ingawa zimeandikwa kwa jicho la mwenye watumwa.

Urithi

Alifariki Sussex, miaka sita baada ya Bunge kupiga marufuku biashara ya watumwa. Utumwa wenyewe uliendelea. Sheria ya mwaka 1833 ya kuukomesha ilitenga pauni milioni 20 za fidia kwa wamiliki. Waliokuwa watumwa hawakulipwa chochote. Hati zake nyingi zinatunzwa katika Maktaba ya Uingereza, London.