Bud Fowler na Mlango wa Cooperstown

Katika jimbo la New York, huko Marekani, pana mji mdogo uitwao Cooperstown. Hapo ndipo lilipo jumba la kuwaenzi mabingwa wa besiboli, mchezo wa rungu na mpira ulio jamaa wa mbali wa kriketi. Katika mji huo huo alilelewa mtoto mweusi, mwana wa kinyozi, John W. Jackson, aliyezaliwa mwaka 1858. Ulimwengu ulimjua kwa jina la Bud Fowler.

Mwaka 1878, akiwa na umri wa miaka 20, aliajiriwa na timu ya mji wa Lynn, Massachusetts. Ndiye mtu mweusi wa kwanza ajulikanaye kucheza besiboli kwa malipo kati ya weupe. Alianza kwa kurusha mpira, kisha akawa mlinzi wa kituo cha pili. Hapo mkimbiaji huja kwa kasi na kujitupa chini, miguu mbele, na viatu vyake vina meno ya chuma. Yasimuliwa kuwa wapo waliomkusudia Fowler makusudi, hata akalazimika kuvaa vipande vya mbao kukinga miundi yake.

Hodari alikuwa, lakini uhodari haukumpa maskani. Alihama mji baada ya mji, akishika wembe wa kinyozi kila mpira uliposhindwa kumlisha. Mwaka 1887, huko Binghamton, wachezaji wenzake weupe walitaka aondolewe, naye akaondoka. Mwezi Julai mwaka huo huo, wakuu wa ligi ile wakaazimia wasiandike tena mikataba na weusi.

Fowler hakukaa mlangoni akilia. Mwaka 1894, mjini Adrian, Michigan, yeye na Grant Johnson waliasisi Page Fence Giants, timu ya weusi watupu iliyodhaminiwa na kiwanda cha nyua za waya, ikazunguka nchi kwa behewa lake yenyewe. Aliyekuwa akitafuta timu ya kumpokea, sasa akawa ndiye mtafutaji wa vijana, akiwachagua na kuwapa kazi.

Alifariki tarehe 26 Februari 1913 mjini Frankfort, New York, hali ni fukara, akazikwa katika kaburi lisilo na alama. Ilikuwa mwaka 1987 ndipo wapenzi wa historia ya mchezo huo walipomwekea jiwe. Na mwaka 2022 jina lake likaingizwa katika jumba la Cooperstown, mji alimokulia.

Haki ilifika, lakini ilichelewa miaka 109. Basi na sisi tujifunze: mwenye sifa apewe sifa yake angali anasikia akiitwa.