Munganga Dutrochet, mutu aliyepima nguvu ya mayi

Wale kati yetu wanaoshuka mu shimo wanajua vizuri: mayi hayapandi juu bila pompi. Pompi ikisimama, mayi yanajaa na kazi inasimama pia. Lakini ndani ya muti, ndani ya majani, hata ndani ya mwili wetu, mayi yanapita na kupanda, na hakuna pompi ya chuma. Leo tunawasimulia maisha ya Mufransa mumoja aliyetafuta sababu yake.

Henri Dutrochet alizaliwa tarehe 14 novemba 1776, kule Néons, katika jamaa ya watu wakubwa wenye mali. Lakini alizaliwa na muguu uliopindika. Waganga wa masomo walijaribu kuunyoosha, wakashindwa. Wanasema aliyemuponyesha ni fundi mumoja wa mifupa ambaye kazi yake ingine ilikuwa kuua watu waliohukumiwa na tribinali. Mutoto akatembea sawa wenzake.

Kisha ikaja Revolisio ya Ufaransa. Baba yake akakimbia inchi, mali yao yote ikakamatwa. Kijana aliyezoea utajiri akabakia mikono mitupu. Mu 1799 aliingia mu kazi ya askari wa bahari, lakini hakukawia, akatoroka na kujiunga na wale waliopigania mufalme. Vita ile nayo haikumupa kitu.

Mu 1802, akiwa na miaka karibu 26, akaanza tena masomo kule Paris, na mu 1806 akawa munganga. Mu 1808 wakamutuma Espania pamoja na waaskari. Katika muji wa Burgos homa kali ilikuwa ikiua watu. Akawahuduma, mupaka naye akashikwa na ugonjwa. Mu 1809 akarudi kwao na mwili uliochoka, akakaa kwa mama yake karibu na Château-Renault. Pale kijijini, mbali na wakubwa wa elimu, alifanya kazi yake kubwa.

Chombo chake kilikuwa kitu cha bei kidogo. Alitwaa kibofu cha nyama, akatia ndani mayi yenye sukari, akafunga mudomo wake kwa tiyo ya kioo iliyosimama, kisha akakitia mu mayi safi. Mayi safi yakapenya ngozi ya kibofu, yakaingia kule kwenye sukari, na ndani ya tiyo yakaanza kupanda, bila mutu kuyasukuma. Dutrochet akapima ginsi yanavyopanda. Akaona kwamba sukari ikizidi, nguvu ya kuvuta mayi nayo inazidi.

Si yeye wa kwanza kuona jambo hili. Nollet, Mufransa pia, aliliona mu 1748. Lakini Dutrochet ndiye aliyelipima, akalipa jina, na mu 1826 akaandika kwamba ndiyo njia ambayo viumbe vyote vinapitishia mayi. Kwanza alifikiri nguvu ile ni ya umeme. Alikosa, na kisha akaliacha wazo lile. Kwetu sisi, hapo ndipo tunaona ukubwa wake: kipimo kilipomukatalia, hakushindana nacho.

Mu 1831 Akademi ya Elimu ya Paris ikamupokea. Mu 1837 akaonyesha tena kwamba ni sehemu za kijani tu za muti zinazoweza kula ile hewa tunayotoa mu pumzi. Alikufa Paris tarehe 4 februari 1847.

Kazi yake haikufa. Mupaka leo wataalamu wanapima mayi katika bakteria za kijani zinazoishi kwa mwangaza wa jua, vidudu ambavyo jicho halivioni. Wanavitia gafula mu mayi ya chumvi ao sukari, na kwa mwangaza wanaangalia ginsi vinavyonywea, kwa wakati mufupi kuliko kufumba jicho. Wameona kwamba ngozi ya vidudu vingine iko na milango midogo ya kupitisha mayi, sawa ile iliyo katika mwili wa mutu. Peter Agre wa Marekani, aliyevumbua milango hiyo, alipewa Prix Nobel mu 2003.

Na sisi nyumbani? Mama akipakaa samaki mubichi chumvi, mayi yanatoka mu nyama: ndiyo nguvu ileile. Mutoto akiharisha, tunamupa mayi safi yenye sukari na chumvi kidogo, juu matumbo yakipokea hivyo viwili, mayi yanavifuata ndani ya mwili. Lakini chumvi ikizidi, inavuta mayi kutoka mwilini na kumuumiza mutoto. Basi, wazazi, tupime vizuri: litre 1 ya mayi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Kisha tumupeleke kwa munganga bila kukawia.